Tovuti yangu inakwama, WhatsApp inafunguka papo hapo: je, kampuni ya simu inanibana?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mbale. Nina tovuti ndogo ya masomo, video na maswali ya mtihani. Wanafunzi wangu wengi hununua bando la mitandao ya kijamii kwa sababu ni la bei nafuu. WhatsApp kwao inafunguka mara moja, lakini tovuti yangu inazunguka hadi wanakata tamaa. Mwenzangu anasema kampuni za intaneti hubana tovuti ndogo kwa makusudi, na kwamba Marekani na Ulaya zina sheria ya "usawa wa mtandao" inayokataza jambo hilo. Ni kweli? Sisi Uganda tunayo? Na nikitaka kulalamika, nianzie wapi?

Mwalimu, asante kwa swali. Ndani yake mna maswali matatu, na ukiyapeleka kwa mdhibiti yakiwa yamechanganyika, kampuni itakujibu kwa sentensi mbili na habari itaishia hapo. Tovuti inaweza kukwama kwa sababu bando la mwanafunzi haliihusu. Inaweza kukwama kwa sababu iko mbali. Inaweza pia kukwama kwa sababu kuna mtu ameibana. Kwenye skrini dalili ni ile ile, kiduara kinachozunguka, lakini dawa zake ni tatu tofauti. Kwa jinsi ulivyoeleza, nashuku sababu ya kwanza, ikisaidiwa na ya pili. Hata hivyo mwenzako hajapotea njia. Bando hilo la bei nafuu ndilo kiini cha mjadala wa usawa wa mtandao katika nchi kama yetu, kwa sababu hapa ubaguzi unaoonekana wazi umepitia kwenye bei na kwenye amri za serikali kuliko kwenye kasi.

Tuanze na kanuni yenyewe. Usawa wa mtandao unataka kampuni inayokuuzia intaneti ibebe kila paketi, yaani kila kipande kidogo cha data, sawasawa, bila kujali imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, wala imebeba nini. Muuza maji anayekujazia jerikani la lita 20 hakuulizi kama unakwenda kupika au kufua, na bei haipandi ukimwambia unafua. Jina la kanuni hii kwa Kiingereza lilienezwa na Tim Wu, profesa wa sheria wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 2003, na haikuchukua muda kesi zikaanza. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya North Carolina iitwayo Madison River ilifunga huduma ya simu za intaneti ya Vonage, kwa kuwa yenyewe ilikuwa inauza simu za kawaida. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliingilia kati na kampuni ikalipa dola 15,000. Mwaka 2007 ikagundulika kwamba Comcast, kampuni kubwa ya intaneti ya Marekani, ilikuwa inakata mazungumzo ya BitTorrent, programu ya watu kubadilishana mafaili, kwa kuingiza paketi bandia za "kata laini". Fikiria mtu aliyejipenyeza katikati ya simu yako, anaiga sauti ya mwenzako na kusema "haya, kwaheri". Kila upande unakata ukiamini kuwa mwenzake ndiye aliyekata.

Kampuni inajuaje kuwa mwanafunzi anakwenda kwako na si kwingine, ilhali siku hizi karibu kila tovuti imesimbwa? Simu inapoanza kusalimiana na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hutaja jina la tovuti waziwazi, kabla mazungumzo hayajafungwa kwa siri. Sehemu hiyo huitwa SNI. Zipo mbinu mpya za kuificha, ila bado hazijaenea kote. Kwa hiyo kampuni haioni somo lipi limefunguliwa, lakini inaona ni nyumba ya nani. Kubana kwenyewe hakuhitaji zaidi ya kanuni fupi kwenye mtambo: jina likilingana na hili, mtiririko usizidi kilobiti kadhaa kwa sekunde, zinazozidi zitupwe. Seva inayotuma ikiona paketi zimepotea hudhani njia imejaa, ikapunguza mwendo yenyewe. Ndiyo sababu mbano wa makusudi na msongamano wa jioni hufanana kabisa machoni pa mtumiaji, na ndiyo sababu hasira peke yake si ushahidi.

Sasa bando. Chukua ukurasa mmoja wa tovuti yako. Maandishi yako kwenye seva uliyokodi, yumkini Ulaya au Marekani. Video, nadhani, umeiweka YouTube. Mwandiko na vitufe vya kushiriki vinatoka kwa kampuni ya tatu. Mwanafunzi anabonyeza kiungo ulichotuma kwenye kundi la WhatsApp na anaamini bado yumo humo humo. Kwa mtambo wa kampuni, ameshatoka. Kila jina ambalo simu yake inaliita linalinganishwa na orodha ya bando alilonunua. WhatsApp imo. Tovuti yako haimo, na YouTube mara nyingi haimo. Kama ana salio la kawaida, litakatwa kwa bei ya nje ya bando, ambayo huuma. Kama hana, maombi ya simu yake yanaachwa bila jibu. Wakati mwingine kitufe cha kushiriki kinatokea na somo halitokei, kwa sababu kitufe kimetoka kwenye anwani iliyomo katika orodha. Mwanafunzi akiona hivyo anasema "tovuti ya mwalimu ni mbovu". Hakuna mahali kwenye skrini pameandikwa kwamba tovuti haikulipiwa.

Jaribio la kuthibitisha hili ni la dakika tano. Chukua simu moja na laini moja, uweke bando la data ya kawaida, hata dogo kabisa, kisha ufungue ukurasa ule ule mahali pale pale. Ukifunguka vizuri, hujabanwa kasi; ulikuwa nje ya orodha. Usiruke hatua hii.

Ukifunguka kwa kusuasua, tazama umbali. Uganda haina bahari. Intaneti yetu hutegemea nyaya zinazotua pwani ya Afrika Mashariki, kama SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, kisha hupanda kwa nchi kavu, sehemu kubwa kupitia Kenya na mipaka ya Malaba na Busia. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kutoka kwetu hadi Ulaya ya kusini ikiwa karibu kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata pasipo msongamano wowote, na kwa hali halisi, ukijumlisha mnara na rauta zote za njiani, 150 au 200 ni jambo la kawaida. Kabla herufi ya kwanza ya somo lako haijatokea, simu huuliza anwani, hufungua muunganisho, husalimiana kwa siri, kisha ndipo huomba ukurasa. Hizo ni safari nne. Kwa milisekunde 150 kila moja, ni sekunde 0.6 za kimya. Ukurasa ukihitaji safari nyingine 30 zinazosubiriana, umeongeza sekunde 4.5, na hapo bado hatujagusa video.

WhatsApp haisumbuliwi hivyo. Kampuni kubwa huweka ghala za nakala karibu na watumiaji, ndani ya mitandao ya kampuni za simu au kwenye vituo vya kubadilishana mtandao kama UIXP cha Kampala, kilichoanza mwaka 2001. Pesa zao zimewanunulia ukaribu. Wataalamu wamekuwa wakibishana kwa miaka kama huu nao ni ubaguzi. Mimi nasema si ubaguzi, mradi mlango wa kituo uko wazi kwa kila anayetaka kuingia kwa masharti yale yale. Tena ukaribu huu unaweza kuupata hata wewe: zipo huduma za kusambaza nakala za tovuti zenye kiwango cha bure, na baadhi zina seva Afrika Mashariki. Ukishaunganisha, pima upya.

Punguza uzito pia. Video ya 480p ikibanwa hadi kilobiti 700 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 315. Sauti tupu ya mwalimu anayefundisha, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 14.4 kwa saa nzima. Kwa sarufi na fasihi, sauti pamoja na ukurasa wa maandishi huwafikia wanafunzi ambao video haiwafikii kabisa. Na faili la sauti la dakika kumi, ambalo halifiki megabaiti 3, unaweza kulituma kwenye kundi lenyewe la WhatsApp, likabebwa na bando walilonalo tayari. Najua hilo ni kuinama mbele ya ukuta badala ya kuubomoa, lakini mtihani hausubiri Bunge.

Umefanya hayo na bado unashuku mbano? Hapo sasa pima kwa nidhamu. Simu ile ile, chumba kile kile, laini ile ile yenye data ya kawaida. Pima saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana na saa tatu usiku, mara tatu kila kipindi, kwa siku tatu. Jumla ni vipimo 27. Kila mara andika kama ni 3G au 4G, na nguvu ya mawimbi. Kwenye simu nyingi za Android utaipata katika mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, hali ya laini. Kwa 4G, -80 dBm ni nzuri, -100 ni ya kati, chini ya -110 usimlaumu mtu ila umbali wa mnara na kuta za nyumba.

Kama alfajiri kila kitu kinakwenda na usiku kila kitu kinakwama, huo ni msongamano wa mnara. Ni kosa la ubora wa huduma, nalo lina njia yake ya malalamiko, lakini si ubaguzi. Ubaguzi unaanza kunuka pale ambapo kwa dakika ile ile tovuti moja inatambaa na nyingine zenye seva za mbali vile vile zinakimbia. Hapo washa VPN, programu inayopitisha data yako kwa siri kupitia seva nyingine, ujaribu tena. VPN huficha jina unaloliita, na kwa kawaida hupunguza kasi kidogo kwa kuwa imerefusha njia na kuongeza uzito. Ikiwa badala ya kupunguza imeongeza kasi maradufu, na ikarudia hivyo siku tatu, una jambo la kueleza. Lakini usishangilie mapema: huenda VPN imepita njia nyingine isiyo na foleni, bila mtu yeyote kukubana.

Kuondoa shaka hiyo ndiyo kazi ya programu ya Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Northeastern University ya Marekani. Inacheza upya mtiririko uliorekodiwa wa huduma kama YouTube, kisha inacheza tena mtiririko ule ule wenye ukubwa na mwendo ule ule ila biti zake zimegeuzwa zisitambulike. Vyote vinapita njia moja hadi seva moja. Wa kwanza ukiwa polepole na wa pili ukiwa haraka tena na tena, hakuna tena kisingizio cha umbali wala mnara. Kasoro yake ni kwamba inapima huduma kubwa zilizomo ndani yake tu. Tovuti yako haimo. Kwa kufungwa kabisa, tofauti na kubanwa, tumia OONI Probe, ambayo unaweza kuipa anwani ya tovuti yako. Ila ujue kwamba matokeo yake hutangazwa hadharani pamoja na jina la mtandao uliotumia, hivyo amua kwanza kama uko tayari kwa hilo.

Kosa linalojitokeza sana katika vipimo vya watu ni kuchanganya megabiti na megabaiti. Kipimo kikisema 1 Mbps, hiyo ni robo ya nusu ya megabaiti kwa sekunde, yaani 0.125. Faili la gigabaiti moja litachukua sekunde 8,000, saa mbili na dakika 13. Mtu ananunua bando lisilo na kikomo, anafika kizingiti cha "matumizi ya haki", anashushwa hadi 1 Mbps, kisha analia kwamba tovuti fulani inabaguliwa. Hapana, kimeshushwa kila kitu. Swali halali hapo ni kama kizingiti kiliandikwa wazi kabla hajalipa.

Sasa sheria. Mwenzako yuko sahihi kuhusu Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 ilianza kutumika tarehe 30 Aprili 2016, nayo inakataza kufunga, kubana na kubagua. Mwaka 2021 mahakama ya Umoja huo ilikwenda mbali zaidi, ikasema hata bando linaloacha huduma fulani bila kuhesabiwa linakwenda kinyume na wajibu wa kuwatendea wote sawa. India ilikuwa imeshatangulia: tarehe 8 Februari 2016 mdhibiti wake, TRAI, alipiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kutegemea maudhui, kwa faini ya rupia 50,000 kwa siku hadi rupia milioni 5. Uamuzi huo ndio uliofukuza Free Basics, mpango wa Facebook wa kutoa tovuti chache bure. Chile ilitunga sheria yake mwaka 2010, kabla ya wote hao.

Marekani, ambayo watu hupenda kuitolea mfano, ndiyo mfano mbaya. FCC iliweka kanuni kali Februari 2015, ikazifuta Desemba 2017, ikazirudisha Aprili 2024, na mahakama ya rufaa ikazitupa tarehe 2 Januari 2025. Kila mara kanuni zilitegemea jinsi tume inavyoisoma sheria iliyotungwa zamani, na tume hubadilika kila rais anapobadilika. Bunge lao halikuwahi kuandika kanuni hiyo kwa maneno yake lenyewe. Jimbo la California lililojiandikia sheria yake mwaka 2018 bado linayo.

Hilo la kuandika sheria linatugusa moja kwa moja. Uganda haina sheria mahususi ya usawa wa mtandao. Tuna Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013, ambayo inaipa Tume ya Mawasiliano, UCC, kazi ya kutoa leseni, kusimamia ubora na kupokea malalamiko, na inakataza mwendeshaji kuvuruga ushindani. Tuna kanuni za mwaka 2019 kuhusu ushindani, ubora wa huduma na ulinzi wa mtumiaji. Kampuni ikifunga huduma ya mshindani wake, upo msingi wa kuishika. Lakini bando la mitandao ya kijamii halimo katika kundi hilo kwa urahisi, maana hakuna mshindani aliyefungiwa. Wewe umeachwa nje tu.

Isitoshe, mara ambazo usawa wa mtandao umevunjwa kwa uzito zaidi hapa kwetu, aliyeuvunja ni serikali. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook, Twitter na nyinginezo zilizoorodheshwa. Kwa mwaka ni shilingi 73,000. Tazama kilichohitajika ili kodi hiyo ifanye kazi: kila kampuni ilipaswa kuwa na lango linalotambua huduma zilizo kwenye orodha, likague kama namba hii imelipa leo, na likifika usiku wa manane lifunge tena. Wanaotetea usawa wa mtandao duniani kote hutahadharisha juu ya lango la namna hiyo. Hapa sheria ya kodi ndiyo iliyoagiza lijengwe.

Na uwezo wa kufunga kwa orodha ulikuwa umeshatumika. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa pamoja na huduma za pesa kwa simu, na mama mwenye duka asiyehusika na siasa akashindwa kupokea malipo. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, UCC iliagiza kampuni zifunge mitandao ya kijamii na programu za ujumbe. Jioni ya tarehe 13 intaneti nzima ikazimwa hadi tarehe 18. Iliporudi, Facebook haikurudi nayo, na kwa miaka iliyofuata watu wamekuwa wakiipata kwa VPN.

OTT ilifutwa tarehe 1 Julai 2021, mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwa data yote. Kwa upande wa usawa, hii ni nafuu, kwa sababu data inatozwa bila kuulizwa inakwenda wapi. Kwa upande wa mfuko, hesabu ni hii: katika bando la shilingi 1,000, gawanya kwanza kwa 1.18 kuondoa VAT ya asilimia 18, kisha kwa 1.12 kuondoa ushuru wa asilimia 12, zinabaki karibu shilingi 757. Shilingi 243 ni za kodi. Mtu anapokuambia bando ni ghali, kumbuka hiyo robo.

Ndani ya sheria hiyo mna kifungu kinachokuhusu wewe, Mwalimu: data kwa ajili ya huduma za afya na elimu haimo katika ushuru huo. Ni nia njema. Lakini jiulize mtambo utaijuaje data ya elimu. Kama tulivyoona, unaona majina na anwani tu. Chuo kikubwa chenye jina lake na anwani zake kinaweza kuorodheshwa. Tovuti yako inakaa kwenye seva moja pamoja na duka la viatu, na masomo yako ya video yamo ndani ya YouTube pamoja na muziki. Kumsamehe mwalimu kodi kwa njia hii, mtandao lazima uchunguze kila mtu anafungua nini, na bado mwalimu mdogo ataachwa nje. Huu ndio ugonjwa wa orodha zote, hata zilizoandikwa kwa huruma: anayeingia ni yule anayejulikana tayari.

Kampuni nazo zina hoja, na si ya kupuuzwa. Minara mingi ya vijijini haiendeshwi kwa bei rahisi. MTN ililipa dola milioni 100 kwa leseni ya miaka 12 iliyohuishwa mwaka 2020, na leseni za kitaifa zinadai mtandao ufike asilimia 90 ya nchi. Wanauliza kwa nini kampuni za video zisichangie. Jibu langu ni kwamba video haijisukumi yenyewe hadi Mbale. Mteja ameiomba, na ameshalipia kila megabaiti. Korea Kusini imejaribu njia ya kumtoza anayetuma, kuanzia mwaka 2016. Twitch, tovuti ya video za moja kwa moja, ikaondoka nchini humo Februari 2024, ikisema ada za mtandao huko ni takriban mara 10 ya nchi nyingi nyingine. Kampuni kubwa inaweza kuhama au kulipa. Mwalimu mwenye tovuti hana hata mtu wa kujadiliana naye.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi: bando la mitandao ya kijamii linawaingiza mtandaoni watu wasio na uwezo. Ni kweli, na ukilifuta kesho bila kuweka kitu, mwanafunzi wako atakosa hata WhatsApp. Tusidanganyane pia kuhusu India. Bei za data zilishuka sana huko baada ya kampuni mpya ya simu, Jio, kuingia sokoni Septemba 2016. Sifa hiyo ni ya ushindani, haikuletwa na marufuku ya TRAI. Sisi soko letu limeshikwa na kampuni mbili, MTN na Airtel. Kwa hiyo nisingeanza na kufuta. Ningetaka kila anayeuza bando la orodha alazimike kuuza pia bando la data huru kwa shilingi zile zile na kwa muda ule ule, hata kama megabaiti ni chache, lionekane kwenye menyu ile ile, na orodha iwe wazi kwa huduma yoyote ya aina hiyo bila malipo. Mwanafunzi achague mwenyewe.

Mengine ninayotaka yaandikwe ni haya: marufuku ya kufunga na kubana kwa kutegemea mmiliki wa huduma, ruhusa ya kupunguza msongamano kwa muda, mradi wote wapunguziwe na taarifa itolewe, na vizingiti vya "matumizi ya haki" vitajwe kwa gigabaiti na Mbps kabla mteja hajalipa. Na sharti gumu kuliko yote: amri ya serikali ya kufunga huduma itolewe na jaji, kwa maandishi, kwa muda uliotajwa, tena itangazwe. Sheria inayoifunga kampuni mikono na kuiacha serikali huru ingekuwa nusu ya sheria, kwa sababu UCC inayopokea malalamiko yako ndiyo iliyotoa amri ya Januari 2021. Yote haya yaandikwe ndani ya sheria ya Bunge, yasiachwe kwenye kanuni za waziri. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, kanuni za waziri chini ya sheria ya mawasiliano hazihitaji tena idhini ya Bunge. Zinaweza kuja Jumatatu na kuondoka Ijumaa.

Malalamiko yako yaanzie kwa kampuni yenyewe. Piga au andika kwa huduma kwa wateja, dai namba ya kumbukumbu, uandike tarehe na saa. Eleza tatizo moja tu kwa kila lalamiko. Kama ni bando, nukuu maneno ya tangazo na uonyeshe kilichokatwa. Picha ya skrini ya salio kabla na baada ya kubonyeza kiungo ndiyo ushahidi mzuri kuliko maelezo yoyote. Kama ni kasi, ambatisha jedwali la vipimo 27. Wasipokujibu kwa maana, peleka faili hilo hilo UCC pamoja na namba ya kumbukumbu, na nakala kwa Kamati ya Bunge ya ICT. UCC inapotangaza rasimu ya kanuni huomba maoni ya umma. Barua ya mwalimu yenye jedwali itasomwa tofauti na barua yenye kilio.

Na kabla ya hayo yote, fanya lile jaribio la dakika tano la bando la kawaida, kwa simu ya mwanafunzi, siyo yako. Yako huenda ina data huru na imeshahifadhi nusu ya kurasa.